Tundu la Gia Halizibwi kwa Gunia

Mfululizo wa maongezi ya ufundi
Muda: dakika 20 hivi
Kwa vikundi vya wasikilizaji: kama mnasikiliza pamoja, wekeni karibu kipande cha katoni, mkasi, chaki na fimbo fupi. Mtavihitaji katikati ya maongezi.

 

Leo tuko gereji. Maongezi haya ni ya mafundi wa magari, mafundi bati, na vijana wanaojifunza kazi hizo. Lakini dereva naye asikilize. Na mama anayepanda gari kumpeleka mtoto hospitali, naye asikilize, kwa sababu jambo tutakalolisema linamgusa yeye kuliko linavyomgusa fundi.

Jambo lenyewe ni tundu. Ni lile tundu lililo katikati ya sakafu ya gari, pale inapochomoza fimbo ya gia. Wengine huiita gia liva. Ndugu zetu wa Kongo husema vitesi. Jina lolote unalotumia, ni ile fimbo ambayo dereva huishika kwa mkono mmoja, huku mwingine uko kwenye usukani.

Magari tunayoyasema mnayajua. Kuna Land Rover za zamani, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 na kuendelea kwa umbo lilelile la kisanduku hadi mwaka 1985. Kuna Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa Japani tangu mwaka 1960 hadi mwaka 1984. Ni magari makuukuu, lakini bado yapo yanayopanda milima na kuvuka tope. Yanadumu kwa sababu yanatengenezeka. Fungua bolti, toa kipande, weka kingine, gari linaondoka.

Hapo ndipo mambo yanapoanzia. Giaboksi ya asili ikifa, mara nyingi spea yake haipatikani. Fundi hutafuta giaboksi ya gari jingine, huikalisha, na gari hutembea. Chukua mfano wa Land Cruiser za mwanzo za mfululizo wa 40. Nyingi zilikuwa na gia tatu, na fimbo yake ilikuwa kwenye nguzo ya usukani. Ukiweka giaboksi ya gia nne kutoka gari la baadaye, fimbo sasa inatokea chini, sakafuni. Pembeni yake kuna fimbo nyingine ya transfa, yaani lile boksi la pili linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kifuniko cha zamani hakina matundu mahali hapo. Kwa hiyo fundi hukata. Hukata tena. Mwisho sakafuni kunabaki shimo ambalo paka anaweza kupita.

Gari linatembea, mwenye gari anafurahi, na shimo linazibwa kwa gunia. Au kwa katoni. Au kwa kipande cha kapeti. Mwenye gari anasema, "Fundi, acha hivyo hivyo, twende."

Leo tunasema: usiache hivyo hivyo.

Kwa nini? Kwanza, chini ya tundu hilo kuna propela, ule mhimili unaozunguka na kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Khanga ikidondoka humo, au kamba ya mzigo, itavutwa na kuzungushwa. Pili, kuna joto la bomba la moshi, na gunia ni kitu kinachoshika moto. Mafuta ya giaboksi yakirukia gunia hilo, una utambi ndani ya gari. Tatu, kuna vumbi wakati wa kiangazi na maji ya madimbwi wakati wa masika.

Lakini jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo halionekani. Ni hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi.

Sikilizeni vizuri hapa. Injini inapochoma mafuta, moshi wake hubeba hewa hiyo. Injini ya petroli huitoa kwa wingi kuliko ya dizeli, hasa injini iliyochoka ambayo kabureta yake haikurekebishwa. Hewa hiyo haina rangi. Haina harufu. Haikwaruzi koo. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, ile hewa tunayoihitaji ili kuishi. Hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo hata kidogo tu, kikivutwa kwa muda mrefu ndani ya gari lililofungwa, kinatosha kumdhuru mtu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kusinzia. Angalia udanganyifu wake: dalili hizo zinafanana na malaria. Zinafanana na uchovu wa safari. Mgonjwa aliyelazwa kwenye gari anazidi kulegea, na wanaomsindikiza wanadhani ni ugonjwa wake umepanda, kumbe ni moshi. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wako katika hatari zaidi, na watoto wadogo pia.

Iko alama moja ya kukusaidia. Malaria haiwapandi watu watano kwa saa moja ndani ya gari moja. Kama abiria kadhaa wanalalamika kichwa kwa pamoja, na wakishuka wakapunga upepo wanapata nafuu, lishuku gari. Simamisha, zima injini, washushe wote wakae penye hewa safi. Aliyezidiwa au kupoteza fahamu apelekwe hospitali haraka, kwa gari jingine kama lipo, na wahudumu waambiwe wazi kwamba alivuta moshi wa gari, ili wampe oksijeni.

Sasa tumeelewa kazi ya kile kifuniko. Ni ukuta kati ya watu na injini. Hebu tuutengeneze ukuta huo.

(Muziki mfupi)

Tunaanzia chini ya gari.

Simamisha gari mahali tambarare. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Usitegemee gia ikushikie gari, kwa sababu leo utaichezea gia yenyewe. Tena ujue kwamba fimbo ya transfa ikikaa katikati, hata ukiweka gia ya kwanza, gari litateremka. Fundi aliye chini hana pa kukimbilia.

Sasa kagua bomba la moshi. Tafuta masizi meusi kwenye maungio, kuanzia pale linapotoka kwenye injini hadi mkiani. Masizi pembeni ya ungio maana yake moshi unavuja hapo. Rekebisha kwanza. Kifuniko kizuri juu ya bomba linalovuja ni sawa na kufunga mlango huku dirisha liko wazi. Ukimaliza bomba, ndipo uje kwenye bati.

Kabla ya kukata chochote, ondoa waya wa hasi wa betri. Halafu jiulize: tangi la petroli liko wapi? Katika Land Rover nyingi za zamani, tangi liko chini ya kiti cha mbele. Katika Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 40, tangi liko ndani kabisa, chini ya kiti cha abiria. Maana yake petroli iko mkono mmoja kutoka pale unapofanya kazi. Kwa hiyo sheria ni moja: ndani ya gari hakuna kuchomelea, hakuna grainda, hakuna cheche. Kila kazi ya moto ifanyike nje, mbali. Kifuniko chetu kitafungwa kwa bolti. Bolti zina faida nyingine: siku klachi au giaboksi ikihitaji kutengenezwa, fundi atakayekuja atafungua kwa spana badala ya kukata kwa tindo.

Hatua inayofuata ni kuzisikiliza fimbo.

Kaa kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, kanyaga klachi. Weka gia ya kwanza. Angalia fimbo imelala wapi. Weka ya pili, ya tatu, ya nne, na ya kurudi nyuma. Kama gia haikubali kuingia, mwenzako alisukume gari kidogo, kisha ujaribu tena, na mawe yarudishwe mara moja. Halafu nenda kwenye fimbo ya transfa: nafasi ya kawaida, nafasi ya magurudumu manne, katikati, na nafasi ya nguvu kubwa ya kupandia mlima. Katika Land Rover utakuta fimbo tatu: ndefu ya gia, yenye kichwa chekundu ya transfa, na yenye kichwa cha njano ya kuingiza magurudumu ya mbele. Hiyo ya njano hushuka chini inaposukumwa, basi nayo uiachie nafasi ya kushuka.

Hakikisha fimbo hazigongani. Hakikisha hazigongi kiti, wala dashibodi, wala goti la abiria wa kati. Kama zinagongana, rekebisha fimbo sasa. Ukishakata bati ndipo ugundue, bati limeharibika.

Wasikilizaji, sasa chukueni ile katoni.

Fundi mzuri haanzi na bati. Anaanza na katoni, kwa sababu katoni ikikosewa haiumi mfuko. Boksi lolote lililofunguliwa linafaa. Lilaze juu ya tundu, likipita ukingo wa tundu pande zote kwa upana wa vidole viwili. Upana huo ndio utakaolala juu ya sakafu na kupokea bolti. Pasua katoni kutoka ukingo mmoja hadi kwenye fimbo, ili uweze kuipitisha bila kufungua kitu.

Katika kikundi, mmoja ashike ile fimbo fupi wima, kama gia. Mwingine aishike katoni ikiwa imelala. Sogezeni fimbo kwenye kila nafasi ya gia, na kila inaposimama mpige alama ya chaki. Mtapata alama tano au sita. Ziunganisheni kwa mstari. Kisha mzunguke mstari huo kwa nje, mkiongeza upana wa kidole kimoja pande zote.

Kwa nini kidole kimoja zaidi? Injini na giaboksi zimekalia mipira. Dereva akikanyaga mafuta mlimani, injini inacheza, na fimbo inacheza nayo. Tundu likiwa dogo, fimbo hugonga bati kabla gia haijaingia sawasawa. Gia isiyoingia sawasawa huruka. Ikiruka kwenye mteremko, gari lililojaa watu linabaki linashikiliwa na breki peke yake. Kwa hiyo milimita kumi za bati zinaweza kuwa na uzito kuliko zinavyoonekana.

Neno moja hapa kwa vijana: msikate tundu la umbo la herufi H kwa kuwa mnaona gia zimepangwa hivyo. Kateni dirisha moja lenye kona za mviringo. Kona kali hupasuka kwa mtikisiko. Kona ya mviringo hudumu.

Pima pia kimo. Kati ya mgongo wa giaboksi na kifuniko paache nafasi ya kidole kimoja au zaidi. Bati likigusana na giaboksi, litalia safari nzima na kutoboka.

Na je, kifuniko kitapitaje kwenye fimbo? Kama fimbo zimenyooka, fungua vichwa vyake na kishushe kutoka juu. Kama zimepinda, au ziko tatu, tengeneza kifuniko cha vipande viwili vinavyokutana kwenye mstari wa fimbo, kimoja kikilalia kingine kwa upana wa vidole viwili. Ni kazi zaidi kidogo, lakini siku ya kufungua utajishukuru.

Katoni ikishakaa vizuri, rudia kuweka gia zote kwa mara ya pili ikiwa mahali pake. Ikigonga popote, punguza. Ndipo uende kwenye bati.

(Muziki mfupi)

Bati gani linafaa?

Bati la milimita 1.2, linaloitwa geji 18, linatosha. Kama watu watakanyaga hapo mara kwa mara, chukua la milimita 1.5. Mlango au boneti ya gari bovu unaweza kukupa kipande kizuri kwa bei ndogo, lakini lipime unene kwanza.

Bati la kopo la mafuta ya kula ni jembamba mno. Linafaa taa na vikombe, halifai sakafu ya gari. Mabati ya kuezekea nayo ni membamba, na yamepakwa zinki. Ukichomelea zinki, moshi mweupe unatoka. Ukiuvuta, baada ya saa kadhaa unapata homa na kutetemeka, na utaenda kupima malaria bure. Kama huna budi kuchomelea bati lenye zinki, paruza zinki yote kwanza pale moto utakapopita, fanya kazi nje, na simama upande ambao upepo unatoka.

Halafu kuna pipa la lita 200. Bati lake ni zuri, na ndiyo maana linavutia. Lakini pipa lililofungwa ambalo lilibeba petroli, dizeli, spiriti au kemikali ni bomu. Mvuke hubaki ndani hata miezi baada ya kukauka, na cheche moja ya grainda au ya tindo inatosha. Usilikate. Hakuna kifuniko cha gari chenye thamani ya macho yako.

Lingine la kuepuka ni asbesto. Mafundi wa zamani walizipenda karatasi zake kwa kuzuia joto. Vumbi lake huingia kwenye mapafu na halitoki, na madhara yake huja miaka mingi baadaye. Ukikuta kipande cha zamani cha namna hiyo, usikipasue wala kukipiga msasa.

Hamisha umbo la katoni kwenye bati kwa chaki au msumari. Kata kwa mkasi wa bati au msumeno. Kwa yale madirisha ya fimbo, toboa kwanza tundu la duara kila kona kwa drili, kisha kata kutoka tundu hadi tundu. Hivyo kona zinakuwa za mviringo zenyewe. Piga tupa kingo zote mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Bati lisilopigwa tupa litakata mpira, na litakata mguu wa mtoto.

Kukunja bati bila mashine kunawezekana. Libane kati ya vyuma viwili vya pembe, au kati ya mbao mbili ngumu zilizokazwa kwa bolti. Mstari wa kukunja uwe sawa na ukingo wa chuma. Gonga kwa nyundo ya mti, kidogo kidogo, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha urudi. Anayegonga mahali pamoja kwa nguvu hupata bonde. Wala usihangaike kutengeneza mgongo wa mviringo kama wa kiwandani. Kisanduku chenye juu tambarare na mbavu nne kinafanya kazi ileile, na kila fundi anakiweza. Kona za kisanduku zichomelewe nje, mbali na gari.

Sasa toboa matundu ya bolti kwenye ukingo, moja kila baada ya upana wa kiganja. Bolti za milimita 6 zinatosha, na kila moja iwe na washa pana. Paka rangi ya kuzuia kutu juu na chini, hata ndani ya matundu. Wacha ikauke kabisa.

Wenye Land Rover wasikilize hapa. Sakafu na sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover za zamani ni za aluminiamu. Chuma kikigusana na aluminiamu mahali penye maji, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe. Kwa hiyo bati lako la chuma lisikutane na sakafu uso kwa uso. Rangi pande zote mbili, na mpira katikati.

Mpira huo unautoa wapi? Kwenye tyubu kuukuu. Kata mikanda ya upana wa ukingo, ilaze kuzunguka tundu lote bila kuacha mwanya, toboa pa kupitisha bolti. Ukikaza, mpira unabanwa na njia ya moshi inafungwa.

Yamebaki madirisha ya fimbo. Haya yanafungwa kwa soksi ya mpira. Kata kipande cha tyubu ya lori, kikae kama faneli: chini kipana, juu chembamba. Upande wa chini ubanwe kwa fremu ya bati na skrubu. Upande wa juu uikumbatie fimbo, ukafungwe kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Soksi iwe imelegea, yenye mikunjo. Ikikazwa sana, itaivuta fimbo irudi katikati, na tutarudi kwenye gia inayoruka. Juu yake unaweza kuweka soksi ya pili ya turubai ngumu, ili mchanga usiukate mpira.

Kama bomba la moshi linapita karibu na kifuniko, usitegemee mpira pekee. Funga kipande kingine cha bati kati ya bomba na kifuniko, kikiwa kimeachana na vyote viwili, hewa ipite katikati. Hewa inayopita huondoa joto kuliko bati nene.

Kazi imekwisha? Bado. Tunapima.

Kipimo cha kwanza ni cha mwanga. Subiri giza liingie, injini imezimwa. Mmoja alale chini ya gari na tochi, azunguke sakafu yote akimulika juu. Mwingine akae ndani, milango imefungwa, bila taa. Kila nukta ya mwanga anayoiona ni njia ya moshi. Aiwekee alama ya chaki, na asubuhi izibwe. Msiangalie kifuniko tu. Angalieni pia matundu ya pedali, ya nyaya, na bolti zilizokosekana. Mtashangaa mtakayoyaona.

Kipimo cha pili ni cha gia. Weka gia zote, mara kumi kumi, injini imezimwa. Kisha washa, nenda polepole mahali tambarare pasipo na watoto, rudia. Transfa ya magurudumu manne ijaribiwe kwenye mchanga au tope. Magari haya ya zamani, magurudumu ya mbele na ya nyuma yakiunganishwa kwenye barabara ngumu na kavu, vyuma hujikaza na kuumia.

Kipimo cha tatu ni cha safari. Baada ya siku chache, kaza bolti tena, kwa sababu mpira hulala na bolti hulegea. Kagua soksi kama zimepasuka. Kisha zikaguliwe kila gari linapokuja kubadilisha mafuta.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho hakigharimu chochote. Andika ramani ya gia juu ya kifuniko, kwa rangi: ya kwanza iko wapi, ya kurudi nyuma iko wapi, nafasi za transfa ziko wapi. Fimbo ni mpya, na hazifanani na zile ambazo dereva alizizoea. Gari la namna hii huendeshwa na huyu leo na yule kesho. Dereva wa usiku, katika mvua, akiwa na mama mwenye uchungu wa uzazi kiti cha nyuma, hapaswi kubahatisha gia.

(Muziki mfupi)

Najua swali mlilo nalo, ndugu mafundi. Mwenye gari hataki kulipia. Anasema gunia linatosha, na usipokubali ataenda gereji ya jirani.

Hapo fundi anahitaji maneno kuliko nyundo. Mwambie hivi: "Mzee, gari lako linatembea, ni kweli. Lakini moshi huu hauna harufu, na watakaouvuta ni watu wako." Mpe tochi, mlaze chini, aone mwenyewe ukubwa wa tundu. Mwonyeshe masizi. Weka bei ya kifuniko ndani ya bei ya kubadilisha giaboksi tangu siku ya kwanza mnayopatana, isije ikawa nyongeza ya mwisho ambayo kila mtu anaikwepa. Ukiandika makubaliano, andika: giaboksi, fimbo, kifuniko. Kazi ya giaboksi haijaisha mpaka sakafu ifungwe.

Na ukiwa unafundisha vijana, kifuniko hiki ni somo zuri. Ndani yake kuna kupima, kukata, kukunja, kutoboa, kupaka rangi na kukagua. Anayeweza kutengeneza kifuniko cha gia kikakaa bila mwanga kupita, anaweza kutengeneza sanduku, mlango, tangi la maji na jiko. Ufundi huo unabebeka. Unavuka nao mpaka bila kufungua mzigo, na siku ya kurudi nyumbani unarudi nao.

Nimetaja jiko, basi nimalizie hapo, kwa wale wasio na gari na hawatakuwa nalo. Kaboni monoksidi hutoka pia kwenye mkaa. Jiko la mkaa linaloota jekundu, lisilo na moshi hata kidogo, ndilo hilo hilo linaloitoa. Usiku wa baridi, usiliingize ndani ya hema au nyumba iliyofungwa ili mpate joto, hata kama unaona makaa yanakaribia kuzimika. Pikia nje au penye hewa inayopita. Lala jiko likiwa nje.

Wasikilizaji wapenzi, kwa leo tunaishia hapa. Fundi, nenda kaangalie gari lililo mbele ya gereji yako. Dereva, inua lile gunia uone kilicho chini yake. Abiria, ukiona tundu, sema. Mpaka wiki ijayo, kaeni salama.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Je, magari tunayopanda hapa yana matundu sakafuni? Yamezibwa kwa nini?
2. Tutatofautishaje mtu aliyevuta moshi wa gari na mtu mwenye malaria? Tutafanya nini kwanza?
3. Kwa nini tunaanza na katoni kabla ya bati?
4. Nani katika kikundi chetu anaweza kuonyesha kipimo cha tochi, na tutakifanya lini?
5. Wakati wa baridi, majiko ya mkaa huwekwa wapi usiku katika nyumba zetu?